Masomo ya kutengeneza tovuti tuliyapata wapi? Historia fupi kutoka Nangina



Kuna swali ambalo sisi waandishi wa programu huulizwa kila tunapokwenda nyumbani likizo: "Nataka kujifunza kutengeneza tovuti. Nianzie wapi?" Anayeuliza huwa ni kijana aliyemaliza kidato cha nne, au mwalimu, au karani wa ofisi fulani. Jibu jepesi ni kumpa anwani mbili tatu na kumtakia kila la heri. Leo sitaki kutoa jibu jepesi. Nataka tutazame jinsi masomo hayo yalivyowafikia watu wa huku kwetu Nangina, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda, tangu wavuti ulipozaliwa hadi leo.

Kwa nini historia? Kwa sababu orodha ya anwani huzeeka upesi. Chukua orodha yoyote ya mwaka 2001, ubofye viungo vyake, utaona vilivyokufa ni vingi kuliko vilivyo hai. Lakini mambo yaliyomwezesha mtu kujifunza, na yale yaliyomzuia, hayajabadilika sana.

Kwa maoni yangu anayetaka kujifunza kazi hii amekuwa akipita milango mitatu: ruhusa, njia na lugha. Mlango wa kwanza ulifunguliwa mapema, ukafunguliwa kwa wote. Wa pili ulifunguka polepole na kwa gharama kubwa. Wa tatu bado uko nusu wazi, na huo ndio ulionifanya niandike haya.

Kwa wasiopajua: Nangina iko Samia, karibu na Funyula, katika kaunti ya Busia. Zamani tulikuwa wilaya ya Busia, Mkoa wa Magharibi. Watu wa mbali hupajua kwa ajili ya misheni ya Kikatoliki na hospitali yake. Ukishuka upande wa ziwa unafika Sio Port. Ukipanda upande wa kaskazini unafika mji wa Busia, ambao nusu yake iko Kenya na nusu Uganda, na mbele yake Malaba. Haya, tuanze.

MLANGO WA KWANZA: RUHUSA

Mwezi Machi 1989 Mwingereza mmoja aitwaye Tim Berners-Lee, aliyekuwa akifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, aliandika pendekezo la mfumo wa kuunganisha hati zilizo katika kompyuta mbalimbali. Kufikia mwisho wa mwaka 1990 alikuwa na seva, kurasa chache, na programu ya kuzisomea. Programu hiyo ya kwanza ilikuwa na jambo ambalo vivinjari vyetu vya leo havina: uliweza kusoma ukurasa na kuuhariri humo humo. Katika mawazo yake msomaji na mwandishi walikuwa mtu mmoja.

Mwaka 1991 alitoa hati fupi iliyoeleza lugha ya kuandikia kurasa, yaani HTML. Hati ile ilitaja tagi 18 tu. Kumi na nane! Mtu anayeweza kukumbuka majina ya vituo vyote vya matatu kutoka Busia hadi Kisumu anaweza kukumbuka tagi 18.

Wakati huo wavuti haukuwa peke yake. Kulikuwa na Gopher, mfumo wa Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, ambao ulikuwa na watumiaji wengi. Mapema mwaka 1993 chuo hicho kilitangaza kwamba baadhi ya wanaotumia seva yake watatakiwa kulipa. Watu wakaingiwa na wasiwasi. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikafanya kinyume: ikatangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni mali ya umma, yeyote aitumie bila kulipa chochote na bila kuomba. Gopher ikafifia, wavuti ukaenea. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hiyo ilikuwa moja kubwa.

Pamoja na ruhusa hiyo ya sheria palikuwa na ruhusa ya pili, ambayo mimi naiona kubwa zaidi. Vivinjari vya mwanzo, Mosaic wa 1993 na Netscape wa 1994, vilikuwa na amri katika menyu ya kuonyesha chanzo cha ukurasa. Unaona ukurasa unakupendeza, unabofya, na maandishi yote yaliyoutengeneza yanatokea mbele yako. Internet Explorer nayo ilikuwa ikiyafungua ndani ya Notepad, tayari kwa kuhifadhi na kuchezea.

Fikiria maana yake. Fundi wa baiskeli pale Busia hakusomea chuo. Alikaa karibu na fundi mwingine, akaona gurudumu likifunguliwa, akaona gololi, akaona spoku zinavyokazwa, akajaribu mwenyewe. Wavuti ulikuwa baiskeli ya namna hiyo: kila ukurasa uliousoma ulikuwa umefunguliwa tayari. Programu nyingine ambazo tulikuwa tunanunua au kunakili zilikuja zimefungwa, huoni ndani. Ukurasa wa wavuti ulikuja na somo lake tumboni.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba miaka ya tisini hapakuwa na masomo ya kutengeneza tovuti, si kweli. Kila ukurasa ulikuwa somo. Tatizo lilikuwa kuufikia.

MLANGO WA PILI: NJIA

Kenya ilipata intaneti kamili mwaka 1995 kupitia ARCC, kituo cha kompyuta kilichoongozwa na Dkt. Shem Ochuodho. Nayo kampuni ya Africa Online, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Wakenya watatu waliokuwa Marekani (Ayisi Makatiani, Karanja Gakio na Amolo Ng'weno), ikaleta huduma zake nyumbani. Mwaka 1998 shirika la posta na simu, KPTC, likafungua Jambonet, mtambo wa kuunganisha nchi na dunia. Mwaka uliofuata KPTC ikagawanywa, na Telkom Kenya ikapewa peke yake haki ya lango la kimataifa hadi mwaka 2004. Maana yake: karibu kila ukurasa kutoka nje ulipita mlango mmoja, tena kwa setilaiti, na bei ilikuwa ya mwenye mlango.

Hiyo ni Nairobi. Sasa njoo Nangina. Ili uingie mtandaoni ulihitaji vitu vinne kwa wakati mmoja: stima, kompyuta, modemu na laini ya simu. Laini zilikuwa chache, za taasisi kama misheni, shule kubwa na ofisi za serikali. Halafu laini hiyo ilibidi ipige hadi mji wenye mtambo wa kampuni ya intaneti, na simu ya masafa ilihesabiwa dakika kwa dakika. Yaani ulilipa mara mbili: simu yenyewe na intaneti juu yake. Mvua ikinyesha, laini inakatika. Stima ikipotea, kila kitu kinakwisha.

Watu wa nchi maskini hawakukaa kimya. Mojawapo ya njia ambazo vijana wa leo hawazijui ni kusoma wavuti kwa barua pepe. Barua pepe ilikuwa rahisi: unaandika bila kuunganishwa, modemu inapiga, inatuma na kupokea kwa dakika moja, inakata. Basi watu wakatengeneza seva ambazo ukiziandikia barua yenye anwani ya ukurasa, zinakwenda kuuchukua na kukutumia kwa barua. Ya mapema ilikuwa Agora. Nyingine ilikuwa www4mail, iliyoandikwa na Mnigeria Clement Onime katika kituo cha fizikia cha ICTP, mjini Trieste, Italia. Unatuma ombi asubuhi, jioni au kesho yake ukurasa umefika. Kwa picha na michezo haifai kitu. Kwa somo la HTML, ambalo ni maandishi matupu, inafaa kabisa.

Baadaye zikaja saiba. Mwanzoni bei ya dakika ilikuwa ya kutisha. Katikati ya miaka ya 2000 saiba nyingi za Nairobi zilikuwa zimeshuka hadi shilingi moja kwa dakika, lakini kadiri ulivyokwenda mbali na Nairobi ndivyo bei ilivyopanda na mwendo ulivyopungua. Mtu wa Nangina alikuwa na nauli ya kwenda Busia mjini na kurudi kabla hata hajahesabu dakika.

Sasa hapa ndipo disketi ilipoingia. Mimi ni wa kizazi cha disketi na sioni haya kusema hivyo. Tufanye hesabu kidogo. Disketi moja ilibeba megabaiti 1.44. Ukurasa wa somo la HTML bila picha ulikuwa kama kilobaiti 10. Kwa hiyo disketi moja ilibeba kurasa kama 140, yaani kitabu kizima na zaidi. Modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde ilishusha ukurasa kama huo kwa sekunde tatu au nne mambo yakiwa mazuri. Hata ukiizidisha mara tano kwa sababu ya laini mbovu na foleni ya setilaiti, kwa nusu saa ungeweza kuhifadhi kurasa nyingi kuliko utakazoweza kusoma kwa mwezi.

Lakini ilikupasa uende na mpango. Aliyekaa saiba akisoma alikuwa anachoma pesa. Aliyejua kazi aliingia na karatasi yenye anwani, akafungua, akahifadhi, akafungua, akahifadhi, kisha akatoka. Kusoma kulifanyika nyumbani au shuleni, kwenye kompyuta yoyote isiyo na mtandao.

Na hapa kuna siri ambayo wanaoanza bado hawaambiwi: HTML haihitaji intaneti. Unaandika kwenye Notepad, unahifadhi faili kwa jina linaloishia na .html, unalifungua kwa kivinjari, unaona kazi yako. Kwa mfano:

<html>
<body>
<h1>Bei za samaki Sio Port</h1>
<p>Leo tuna omena, mbuta na ngege.</p>
</body>
</html>

Basi. Huo ni ukurasa. Unafanya kazi Nangina bila laini ya simu kama unavyofanya kazi Geneva. Sijui lugha nyingine ya kompyuta ya miaka ile ambayo mtu angeweza kuianza kwa disketi moja na programu iliyokuja na Windows, bila kununua chochote.

WALIMU WALIKUWA NANI?

Tuwataje, maana wengi wao wamesahauliwa.

Wa mapema sana ulikuwa mwongozo wa HTML kwa wanaoanza, uliotolewa na NCSA, kituo kilekile cha Illinois kilichotoa Mosaic. Ulikuwa mfupi, mkavu, wa maandishi matupu, na ulinakiliwa duniani kote. Kisha ikaja HTML Goodies ya Joe Burns, iliyoandikwa kama mwalimu anayezungumza na wewe pembeni ya kompyuta. Mwaka 1996 HotWired ya San Francisco ilianzisha Webmonkey, yenye maringo ya vijana wa mjini lakini yenye masomo mazuri. Siku hizi imekwisha.

Kisha W3Schools. Hii ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya tisini na kampuni ndogo ya Norway, Refsnes Data. Wataalamu waliisema sana. Mwaka 2011 baadhi yao walifungua hata tovuti nzima ya kuorodhesha makosa yake, na walikumbusha kwamba licha ya jina lake haina uhusiano na W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti. Walikuwa na haki katika mambo kadhaa, na makosa mengi yakarekebishwa. Lakini nataka niitetee kidogo. W3Schools ilikuwa na sentensi fupi, ukurasa mmoja kwa jambo moja, mfano kwanza na maelezo baadaye. Kwa mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko usahihi wa kila nukta. Isitoshe ilikuwa na kisanduku cha kujaribia: upande mmoja msimbo, upande mwingine matokeo.

Pa kuonyesha kazi palikuwa GeoCities, iliyoanza 1994, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 1999. Walikupa nafasi bure, wewe ukavumilia matangazo yao. Oktoba 2009 Yahoo wakaifunga kila mahali isipokuwa Japani, na kurasa za watu wengi zikapotea siku moja. Somo la pale ni hili: weka nakala yako. Kilicho kwenye seva ya mtu mwingine ni mgeni, hakijajenga.

Kulikuwa pia na njia ya kubeba tovuti nzima. Programu ya HTTrack, ya bure, iliyotoka mwaka 1998, ilishusha tovuti pamoja na viungo vyake ili uisome bila mtandao. Flashi zilipokuja, nakala za masomo ya W3Schools zilipita mkono kwa mkono kama kanda za muziki. Jambo hilohilo lilifanywa kwa utaratibu mkubwa na mradi wa WiderNet wa Chuo Kikuu cha Iowa, ulioongozwa na Cliff Missen. Maktaba yao ya eGranary ilijaza maelfu ya tovuti, kwa ruhusa ya wenyewe, ndani ya diski moja, ikapelekwa katika vyuo na shule za Afrika zisizo na mtandao wa maana. Wanafunzi walibofya kana kwamba wako mtandaoni, na kurasa zikafunguka papo hapo.

Njia kubwa ilikuja mwaka 2009. Hadi hapo Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti. Mwezi Juni waya wa TEAMS ukafika Mombasa, na Julai SEACOM ikaanza kazi. Nyaya zikapanda hadi Nairobi, zikaendelea magharibi. Uganda haina bahari, kwa hiyo intaneti yake nyingi hupita kwetu, kupitia Malaba na Busia. Ajabu ya dunia: kwa muda mrefu mto mkubwa wa data ulipita kando ya barabara kuu kwenda Kampala, na kijiji kilichoko ndani kikabaki kuchota kwa kijiko.

Kijiko chenyewe kilikuwa simu. Opera Mini, iliyotolewa kwa dunia nzima Januari 2006, ilipitisha kila ukurasa kwenye seva zake, ikaukamua, ikakuletea ukiwa mdogo. Kwa simu ndogo na shilingi chache uliweza kusoma W3Schools ukiwa chini ya mwembe. Njia ilikuwa imefunguka. Haikuwa pana, lakini ilikuwa wazi.

MLANGO WA TATU: LUGHA

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Wilaya za Busia na Teso ziliwahi kufanyiwa utafiti ambao wachumi wa dunia nzima wanaujua, ingawa watu wengi wa hapa hawajausikia. Mwaka 1996, kati ya shule za msingi 100, shule 25 zilichaguliwa kwa bahati nasibu zikapewa vitabu vya kiada vya serikali. Watafiti walikuwa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin. Kila mtu alitarajia alama zipande. Vitabu si ndio elimu? Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalishangaza: kwa wastani alama hazikupanda. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Wengine walibaki palepale.

Sababu mojawapo waliyotoa ni lugha. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, na kwa wanafunzi wengi Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, baada ya Kisamia au Kiteso au Kijaluo, na Kiswahili. Kitabu kilifika dawatini, lakini mtoto hakuweza kukisoma. (Kremer, kwa kazi zake nyingi zikiwemo za hapa Busia, alipata tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili mwaka 2019.)

Mimi nauona utafiti ule kama onyo kwetu watu wa kompyuta. Tumetumia miaka thelathini kusema: wapeni vijijini intaneti, masomo yako humo bure. Kweli yako humo, lakini yakifika yakiwa na ufunguo ambao wachache wanao, watakaofaidika ni walewale waliokuwa mbele. Tutakuwa tumeongeza pengo kwa nia njema.

Wengine watasema: lakini msimbo wenyewe ni Kiingereza, utakwepaje? Nakataa hoja hiyo. Tagi ni maneno machache, tena mengine ni herufi moja tu. Fundi wa baiskeli anasema breki, pedeli, cheni na spoku bila kujua Kiingereza, na baiskeli inakwenda. Neno bodaboda lenyewe, ambalo sasa linatumika Afrika Mashariki nzima, asili yake ni huku kwetu, kwa wapanda baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kati ya vituo vya mpakani. Watu walichukua neno la kigeni, wakaligeuza likawa lao, wakafanya nalo kazi. Tagi zitafanywa vivyo hivyo. Kinachomshinda mwanafunzi ni maelezo: kwa nini tagi hii ifungwe, kwa nini mtindo uwekwe faili tofauti, seva ni nini, kwa nini picha haionekani. Hayo ndiyo yanayotaka lugha unayoota nayo.

Wala kikwazo hakikuwa cha kiufundi. Wenzetu wa Ethiopia walisumbuka kwa miaka kwa sababu herufi zao hazikuwemo katika kompyuta za kawaida. Kiswahili hakina alama juu ya herufi, kiliandikika kwa kibodi yoyote tangu siku ya kwanza. Na kazi za kuonyesha kwamba inawezekana zilikuwepo mapema. Mwaka 1994 kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ilianzishwa Chuo Kikuu cha Yale. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Microsoft nao wakafuata mwaka 2005 na kiolesura cha Kiswahili cha Windows.

Lakini angalia vizuri. Nyingi ya kazi hizo zilitafsiri vitufe na menyu. Zilimsaidia mtu kutumia kompyuta. Masomo ya kumfanya mtu atengeneze kitu yalibaki nyuma. Tukabishana pia miaka mingi kama tuseme kompyuta, tarakilishi au ngamizi, huku hakuna aliyeandika kwa lugha hiyo jinsi ya kutengeneza jedwali.

HALI ILIVYO SASA

Leo masomo ni mengi kuliko maji ya ziwa. MDN ya Mozilla, iliyoanza mwaka 2005 kwa jina jingine, ndiyo rejea ninayoiamini kuliko zote. Stack Overflow ya 2008 ina majibu ya karibu kila kosa. freeCodeCamp, iliyoanzishwa na Quincy Larson mwaka 2014, inafundisha bure kwa mazoezi, na Kiswahili kimo katika orodha ya lugha zake. Na tangu mwisho wa 2022 watu wanaziuliza programu za akili bandia, nazo hujibu hata kwa Kiswahili, mara nyingine vizuri, mara nyingine kwa ujasiri usio na ukweli.

Lakini mambo mawili yamerudi nyuma. La kwanza: baiskeli imefungwa. Fungua chanzo cha tovuti kubwa ya leo utaona mistari mirefu ya msimbo uliobanwa na mashine, hakuna binadamu awezaye kujifunza humo. Somo lililokuwa tumboni mwa ukurasa limeondolewa. La pili: wengi wanaingia mtandaoni kwa simu, na kwenye menyu ya kivinjari cha simu ile amri ya kuonyesha chanzo haipo. Kijana wa Nangina wa leo ana mwendo mara elfu kuliko sisi wa disketi, lakini anaona sura ya ukurasa tu, ndani haoni. Amefanywa msomaji, na uandishi umewekwa mbali naye.

Hilo lina hasara ya kweli. Ukitafuta habari za Samia mtandaoni, nyingi ya kurasa utakazopata zimeandikwa na watu wa mbali: watafiti, wafadhili, watalii. Ni nani ataandika ratiba ya soko la Funyula, bei za samaki, siku za kliniki, historia za koo? Mwenye ujuzi wa kuandika ukurasa ndiye atakayesema sisi ni nani. Asiye nao atasemewa.

Kwa hiyo kijana anayeuliza aanzie wapi, jibu langu ni hili. Anza bila mtandao: chukua ile mistari sita niliyoandika hapo juu, weka habari ya kijiji chako, ihifadhi, ifungue. Kisha soma MDN, sehemu ya wanaoanza, ukurasa mmoja kwa siku. Tafuta tovuti ndogo za watu binafsi, maana chanzo chake bado kinasomeka. Ukiwa na simu ya Android, andika view-source: mbele ya anwani kwenye Chrome, mlango wa zamani utafunguka. Na kila unachojaribu, kihifadhi kwenye flashi yako.

Kwa walimu na waandishi wa programu wenzangu nina neno moja. Maandishi ya MDN yana leseni inayomruhusu yeyote kuyatafsiri na kuyasambaza, mradi ataje yalikotoka na naye aache wengine wafanye hivyo. Orodha ya lugha za MDN ina Kifaransa, Kijapani, Kikorea, Kirusi, Kihispania na nyinginezo. Kiswahili hakimo. Hatuhitaji kungoja wizara wala mfadhili. Somo moja la kurasa tatu, likitafsiriwa kwa Kiswahili safi, likachapishwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani mwa chumba cha kompyuta cha shule moja, tayari ni kazi. Ruhusa tumekuwa nayo tangu 1993, na njia imefika. Mlango uliobaki uko mikononi mwetu, na mimi nimeanza na somo la viungo. Atakayechukua la picha na aseme, tusije tukalifanya watu wawili.

Kazi njema.